Dhahabu haiongezi besi

"Fundi, nikinunua waya wenye jeki za dhahabu, besi itapanda?" Haitapanda. Dhahabu yenyewe haipitishi umeme vizuri kama shaba. Inapakwa kwenye jeki kwa kuwa haishiki kutu, basi. Kwa mtu wa Tanga au Mombasa, ambako hewa ya chumvi inakula pini, hiyo ni faida ya kweli. Lakini besi haimo humo.

Kazi ya waya wa spika ni moja: kutoiba nguvu njiani. Kinachoiba ni ukinzani, unaopimwa kwa omu. Chukua spika ya omu 4 iliyo mita 20 kutoka kwenye amplifaya. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo piga hesabu ya mita 40. Ukitumia shaba ya 0.75 (unene wake kwa milimita za mraba), ule waya mwembamba wa redio, unapata karibu omu 0.9, na theluthi nzima ya nguvu haifiki kwenye spika. Ukitumia 2.5 ni chini ya omu 0.3, upotevu kama asilimia 12. Mafundi wengi husema ukinzani wa waya usizidi asilimia 5 ya omu za spika. Ni makadirio tu: hiyo 2.5 imeshapita hapo kidogo na harusi inapigwa bila mtu kulalamika. Sebuleni, mita 3, waya wa 1.5 unatosha na chenji inabaki.

Sasa linaloniudhi hasa: waya umeandikwa 2.5, ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Ukinzani wake ni zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa shaba, yaani umelipia 2.5 ukabeba 1.6. Ukikunjwakunjwa unakatika, na ukibanwa kwenye skrubu unalegea taratibu mpaka spika inaanza kukwaruza. Usiniambie umeandikwa OFC, yaani shaba isiyo na oksijeni. Plastiki inachapwa chochote. Hata maneno yakiwa ya kweli, shaba hiyo inaishinda ya kawaida kwa asilimia 1 hivi, na hiyo husikii.

Tumia mizani. Roli la mita 100, nyuzi mbili za 2.5, lina shaba ya karibu kilo 4.5 kabla hujahesabu plastiki. Roli zima likija kilo 4, mjadala umekwisha. Kama una maltimita, unganisha ncha mbili za upande mmoja, upime upande wa pili: shaba itasoma kama omu 1.4, alumini itavuka 2. Kwanza gusanisha nyaya za mita yenyewe, uone zinasoma ngapi, namba hiyo uitoe kwenye kipimo chako. Wembe nao unasaidia: kwangua uzi mmoja, ukiona weupe chini ya wekundu ni alumini. Weupe nje na wekundu ndani ni shaba iliyopakwa bati, hiyo ni nzuri, usiirudishe dukani. Kile kipimo cha kiberiti cha gesi wanachokipenda vijana, kwamba ncha ikiyeyuka ni alumini, sikiamini sana. Nyuzi zikiwa nyembamba mno, hata shaba ncha yake inayeyuka.

Mishale ya "mwelekeo wa sauti" kwenye waya wa spika ni mapambo. Mawimbi yanageuka kwenda na kurudi mamia ya mara kwa sekunde, mshale unamwelekeza nani? Kwenye baadhi ya nyaya za signo, zinazopeleka sauti kwenye amplifaya, tu ndiyo una maana: unaonyesha wavu wa kukinga umefungwa upande gani.

Waya wa maiki hauniumizi kichwa. Jeki yake ina pini tatu: ya 2 na ya 3 zinabeba sauti ileile, moja ikiwa imegeuzwa, miksa inachukua tofauti yake, kelele zilizoingia njiani zinafutana. Kinachokufa ni lehemu, kwa hiyo nunua jeki inayofunguka, si iliyomwagiwa plastiki.

Mvumo unaotokea ukichomeka laptopu kwenye miksa hautibiwi na waya ghali. Chomeka vyote kwenye soketi moja. Mvumo ukiendelea, weka DI yenye transfoma, kile kisanduku cha kati ya laptopu na miksa. Kukata ethi ya plagi ili mvumo uishe ni kutafuta kifo.

Na waya wa gitaa usiupeleke kwenye spika eti jeki zinaingiana. Kiini chake ni uzi tu. Ukisukuma amplifaya kubwa, plastiki ya ndani inalainika, nyaya zinagusana, na amplifaya ndiyo inayolipa.