Alfabeti ya vidole: kazi yake katika darasa la watoto viziwi

Alfabeti ya vidole ni maumbo ya mkono yanayosimama badala ya herufi. Inayotumika Tanzania hufanywa kwa mkono mmoja, na neno lolote la Kiswahili unaweza kuliandika hewani. Wengi huichukulia kuwa ndiyo Lugha ya Alama. Sivyo: Lugha ya Alama ya Tanzania ina alama zake za maji, mama au kesho, na sarufi yake. Mtoto wa darasa la kwanza ambaye hajajua kusoma, ukimtajia m-a-j-i kwa vidole, umempa vitu vinne visivyo na maana. Itangulie alama, pamoja na kitu chenyewe au picha. Lifuate neno ubaoni. Vidole vije mwisho.

Inapofaa hasa ni kwenye majina. Mtoto anayepanda Hiace kwenda Arusha mjini huliona jina la mahali, TENGERU, kwenye kioo cha mbele kila siku. Kwa hiyo usianze na A mpaka Z. Anza na jina lake, herufi tatu au nne kwa wiki, kisha kituo anachoshukia.

Mkono ukae usawa wa bega, kiganja kikiwaelekea watoto, mdomo usifunikwe. Usiurushe kwa kila herufi, maana jicho litafuata mruko na kuacha vidole. Mdomo useme neno zima. Anayetumia kushoto aachwe, ila asibadilishe mkono katikati ya neno.

Kiswahili kina irabu pacha nyingi: saa, kaa, mkaa. Hapo umbo la A linabaki vilevile, mkono unasogea kidogo pembeni. Usipousogeza, daftarini utakuta "mka", na kosa ni lako. U na V nazo huchanganywa: zote ni kidole cha shahada na cha kati, U vimebanana, V vimeachana.

Kosa la kawaida kuliko yote ni kiganja kugeukia ndani. Mtoto anaona kiganja chako, naye anataka kuona chake. Simama kando yake, nyote wawili mkielekea upande mmoja, atajirekebisha bila kushikwa vidole.

Viti vipangwe nusu duara, nawe usiligeuzie dirisha mgongo. Asubuhi za Julai, Mlima Meru ukiwa umefunikwa na mawingu, darasa lisilo na taa huwa na giza, na mwalimu aliyesimama mbele ya dirisha huonekana kivuli tu. Somo la vidole lisogezwe baada ya saa nne.

Kusoma vidole vya mwenzako ni kugumu kuliko kuvifanya. Wapime kwa imla: wewe unatahajia, wao wanaandika.