Hapana, hutapasuka kama puto

Nafundisha fizikia, na jioni zangu nyingi huishia mbele ya sinema za sayansi ya kubuni. Wanafunzi wanalijua hilo, hivyo huniletea maswali ya filamu kuliko ya mtihani. Sina neno. Ila kuna hili moja linaloletwa kila muhula, tena kwa uhakika uleule: "Mwalimu, si ukitoka nje ya chombo bila vazi la anga unapasuka?" Pembeni mwenzake anamsahihisha: hapasuki, anaganda palepale. Wamekosea wote wawili, na nimechoka kuwajibu nikiwa mlangoni, vitabu kwapani.

Tuanze na kupasuka. Kanieneo ya hewa, yaani jinsi hewa inavyotukandamiza, ikikosekana, maji yaliyo kwenye nyama laini za mwili huanza kugeuka mvuke, na mwili huvimba kweli. Lakini ngozi haiachii kirahisi hivyo, na damu imebanwa na mishipa yake. Kinachoua ni kukosa oksijeni, basi. Baada ya sekunde 10 hadi 15 unazimia. Ukirudishiwa hewa ndani ya dakika moja hivi, unaweza kupona.

Wala hatukisii. Mwaka 1966 fundi wa NASA, Jim LeBlanc, alikuwa akijaribu vazi la anga katika chumba cha ombwe, yaani kilichoondolewa hewa, huko Houston, bomba la hewa la vazi likachomoka. Sekunde kama 14 tu, akaanguka. Hewa ikarudishwa upesi, akazinduka, akasimulia kwamba jambo la mwisho alilokumbuka ni mate yakichemka juu ya ulimi wake. Kwa joto la mwili tu! Ningekuwa mwongozaji, ningeachana na macho yanayotumbuka nikaupiga picha ulimi huo.

Na kuganda? Chukua chupa ya chai. Katikati ya kuta zake mbili hewa imeondolewa, ndiyo maana chai ya asubuhi bado inakuunguza mchana: joto halina pa kupitia. Sasa mtu huyohuyo anayeitegemea chupa hiyo kila siku anakuja kuniambia ombwe linagandisha kufumba na kufumbua. Huko nje joto hukutoka kwa mionzi tu, polepole. Taabu ya mwanaanga anayefanya kazi nje huwa ni joto lake mwenyewe, hata chini ya vazi huvaa nguo yenye vimirija vya maji ya kumpoza.

Filamu ya 2001: A Space Odyssey, ya mwaka 1968, ililielewa jambo hili. Shujaa anavuka ombwe bila kofia, anapona, tena kimya kimetanda. Kosa lake ni kubana pumzi, kwa sababu mapafu yaliyojaa hewa ndiyo yanayochanika. Toa pumzi yote kabla mlango haujafunguka. Siku ikifika, utanikumbuka.

Mengine nayapitia mbiombio. Si kweli kwamba wanaanga huelea kwa sababu mvutano wa Dunia umeisha. Kwenye kituo cha anga kilicho kilomita 400 juu bado upo kwa takriban asilimia 90, ila wao na kituo chao wanaanguka pamoja kuizunguka Dunia. Mwaka-nuru ni umbali, karibu kilomita trilioni 9.5, kwa hiyo "miaka-nuru mingi iliyopita" ni sawa na kusema "kilomita nyingi zilizopita." Ukanda wa asteroidi, yaani miamba inayozunguka Jua, si msitu wa mawe: chombo cha Pioneer 10, iliyorushwa mwaka 1972, iliuvuka bila kukwepa chochote. Milio ya mizinga angani haipo, lakini hiyo niachieni, naipenda.

Limebaki la nyumbani kwangu: eti anayejua fizikia hawezi kufurahia. Najua vizuri kwamba kule kusafirishwa papo hapo kwenye tamthilia ya Star Trek ya 1966 kulibuniwa kwa kuwa kutuisha chombo kwenye sayari kila kipindi kungekula fedha nyingi. Bado natabasamu kila wahusika wanapoyeyuka. Shimo jeusi, lile ambalo hata mwanga hauponyoki mvutano wake, la filamu ya Interstellar, mwaka 2014, lilichorwa kwa milinganyo ya mwanafizikia Kip Thorne. Mwaka 2019 ilipotoka picha halisi ya shimo jeusi la galaksi M87, ile pete ya mwanga yenye ukungu, usiku huohuo niliiweka filamu tena. Wa nyumbani wakaniomba nisifungue mdomo. Nilivumilia mpaka shimo lilipotokea.