Vifuniko vya Magurudumu vya Kujitengenezea kwa Baiskeli za Kuegama

Baiskeli ya kuegama ni ile ambayo mwendeshaji hakai juu ya tandiko, bali huegama kwenye kiti, mgongo umelala nyuma na miguu imetangulia kwenye pedali. Akiwa hivyo, upepo humkuta akiwa mdogo. Tarehe 7 Julai 1933, jijini Paris, Mfaransa Francis Faure alipanda Vélocar, baiskeli ya kuegama iliyoundwa na Charles Mochet, akaenda kilomita 45.055 kwa saa moja na kuvunja rekodi iliyokuwapo. Mwaka uliofuata, shirika la mbio za baiskeli duniani, UCI, liliziondoa baiskeli za aina hiyo kwenye mashindano yake. Viwanda vikubwa vikakosa sababu ya kuzishughulikia, na mpaka leo wapenzi wa baiskeli hizi Ulaya na Marekani hujitengenezea vifaa vyao vingi kwa mikono. Kifuniko cha gurudumu, yaani duara la plastiki linaloziba spoki, ni kimojawapo, na ni rahisi kuliko kinavyoonekana, mradi kipimo kimoja kisikosewe.

Hewa na spoki

Baiskeli ikienda kilomita 40 kwa saa, ekseli nayo inakwenda 40, lakini sehemu ya juu kabisa ya tairi inakimbilia mbele kwa 80. Ukinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo: mwendo ukiongezeka mara mbili, ukinzani unakuwa mara nne. Ndiyo maana spoki zilizo nusu ya juu ya gurudumu ndizo zinazokula nguvu. Kila moja hupita katika hewa ambayo spoki iliyotangulia imeshaivuruga, nayo inaivuruga upya. Nguvu inayotakiwa kushinda hewa hukua kwa kipeo cha tatu, kwa hiyo kutoka kilomita 30 kwa saa hadi 40 inapanda karibu mara 2.4. Januari 1984, mwendesha baiskeli wa Italia Francesco Moser alipovunja rekodi ya saa moja mara mbili mjini Mexico City, kwa kilomita 50.808 na siku nne baadaye 51.151, magurudumu yake yalikuwa yameziba kama sahani.

Kwenye baiskeli ya kawaida, hasara ya spoki ni ndogo ikilinganishwa na kifua cha mtu aliyekaa wima. Kwenye baiskeli ya kuegama kifua kimeshaondolewa njiani, hivyo fungu la magurudumu katika ukinzani uliobaki linakuwa kubwa. Kwa baiskeli ya kuegama ya magurudumu matatu, yenye mawili mbele na moja nyuma, hasara ni zaidi, kwa kuwa kila gurudumu linapita kwenye mkondo wake wa hewa. Mwenye baiskeli ya aina hiyo ndiye anayefaidika zaidi na kazi hii.

Plastiki gani

Inayopatikana kwa urahisi ni plastiki yenye mifereji ndani, ile ya mabango ya matangazo. Chukua ya unene wa milimita 2. Ya milimita 4 ni ngumu kukunja kwa kufuata mifereji na laini kwa upande mwingine, kwa hiyo ukijaribu kuifanya iwe na umbo la pia (koni), inajipinda kama tandiko la farasi. Kasoro nyingine ya plastiki hii ni kwamba gundi na tepu haviishiki vizuri, na ile isiyokingwa dhidi ya jua hukauka na kuwa kama ganda la yai. Itumie kujifunzia, au kama unakubali kuibadilisha mara kwa mara.

Kwa kifuniko cha kudumu, karatasi ya polikaboneti, plastiki ngumu isiyovunjika kirahisi, ya milimita 0.5 ndiyo bora. Inakunjika bila kupasuka na inakatwa kwa kisu. Uzito wake ni kama gramu 600 kwa mita ya mraba, hivyo kifuniko cha kipenyo cha milimita 540 kina takriban gramu 140. Iepushe na petroli, asetoni na dawa kali za kusafishia mnyororo, kwani huidhoofisha na kuipasua pembezoni mwa matundu. Gundi ya kuzuia bolti zisilegee nayo ina madhara hayo hayo. PETG, aina nyingine ya plastiki, ni nafuu na inafaa pia, ila huanza kulainika karibu na nyuzi 80, kwa hiyo usiiache nyuma ya kioo cha gari lililoegeshwa juani. Akriliki usiiguse kabisa. Ikivunjika inatoa vipande vyenye ncha, na kifuniko hiki kinazunguka karibu na miguu yako.

Wengine hutumia kitambaa cha poliesta cha ndege za mfano, kile kinachokazwa kwa pasi. Ni chepesi kuliko vyote, lakini jiwe moja la barabarani linakitoboa.

Kipimo kinachoamua kila kitu

Kifuniko hakiwi bapa. Habu (kitovu cha gurudumu kinakoanzia spoki) ni pana kuliko rimu (duara la nje linaloshika tairi), kwa hiyo plastiki lazima ipande kutoka rimu hadi kwenye ubavu wa habu kama pia fupi. Ukilazimisha duara bapa likae pale, ukingo utatengeneza mawimbi, na mawimbi hayo yatapiga kelele na kurudisha msukosuko uliotaka kuuondoa. Vifuniko vingi vinavyotupwa vimeharibikia hapa.

Laza gurudumu mezani. Weka rula iliyonyooka juu ya vichwa vya spoki kwenye ubavu wa habu, kando ya ekseli, ifike pande zote mbili za rimu. Pima kutoka chini ya rula hadi kwenye rimu, upande huu na ule, kisha chukua wastani, kwa sababu rula huinama kidogo. Ongeza milimita 1 ili plastiki isisuguliwe na vichwa vya spoki. Hicho ni kimo. Kisha pima kutoka katikati ya ekseli hadi mahali ukingo wa kifuniko utakapoishia, hiyo ikiwa nusu kipenyo cha nje, na kutoka katikati ya ekseli hadi kwenye vichwa vya spoki, hiyo ikiwa nusu kipenyo cha ndani.

Kama breki zako zinabana rimu, ukingo uishie milimita 2 ndani ya eneo linalobanwa. Kama ni breki za diski, unaweza kukaribia tairi, lakini acha milimita 5, maana tairi hutanuka kando pale linapobeba uzito.

Hesabu yenyewe ni hii. Toa nusu kipenyo cha ndani kutoka cha nje, gawanya kimo kwa jibu hilo, zidisha utakachopata kwa chenyewe, kisha kwa nusu kipenyo cha nje na kwa 3.14. Unapata upana wa kipande cha pembetatu kinachopaswa kupotea kwenye ukingo wa duara. Chukua gurudumu la inchi 26 lenye nusu kipenyo cha nje cha milimita 270, cha ndani 22, na kimo 26. Kipande kina upana wa milimita 9.3. Gurudumu dogo la mbele la inchi 20, lenye 192, 20 na 24, linahitaji karibu 12. Duara lenyewe likatwe kubwa kidogo kuliko nusu kipenyo cha nje: gawanya upana wa kipande kwa 6.28 na uongeze jibu. Kwa mfano wa kwanza ni milimita 1.5, yaani ukate kwa nusu kipenyo cha 271.5.

Upande wa gia wa gurudumu la nyuma kimo huwa kidogo mno, mara nyingi chini ya milimita 10, na hesabu inatoa kipande kisichofika milimita 2. Hapo duara bapa lenye mkato mmoja linatosha.

Kukata na kuunga

Anza na karatasi ya manila. Ikikaa sawa kwenye gurudumu, ndipo uguse plastiki. Bikari ya shule haifiki, kwa hiyo tumia ubao mwembamba: pigilia msumari mmoja uwe kitovu, na kwa umbali uliokokotoa toboa tundu la kupitishia ncha ya kisu. Zungusha mara nne au tano kwa mkono mwepesi badala ya kukata kwa nguvu mara moja, maana kisu kikibanwa huteleza nje ya mstari. Kata tundu la katikati la kupisha habu, kisha mkato mmoja ulionyooka kutoka ukingoni hadi kwenye tundu hilo.

Sasa usikate kile kipande cha pembetatu. Pandisha upande mmoja wa mkato juu ya mwingine hadi vipishane kwa upana uliokokotoa kwenye ukingo, vikipungua kuelekea katikati, na duara litajiinua lenyewe kuwa pia. Kwa ndani bandika ukanda wa plastiki ileile wenye upana wa milimita 40 kwa tepu ya gundi pande mbili. Kabla ya kubandika, sugua kwa msasa laini na upanguse kwa spiriti. Kwenye plastiki ya mabango usitegemee tepu peke yake. Ongeza bolti ndogo tatu za nailoni zenye washa.

Ukingo wa juu wa mpishano uelekee nyuma gurudumu linapozunguka, kama kigae cha paa kinavyoelekea upande maji yanakotiririkia, ili hewa isiingie chini yake na kuufungua. Kwa sababu hiyo kifuniko cha kushoto na cha kulia haviwi sawa. Ni kama kiganja cha kushoto na cha kulia, na ukitengeneza viwili vinavyofanana utatupa kimoja.

Kufunga

Kwa gurudumu la inchi 26 tumia sehemu nane za kufungia, kwa la inchi 20 sita, zigawanywe sawa ili gurudumu lisiyumbe. Kila sehemu ni matundu mawili ya milimita 3, moja kila upande wa spoki, milimita 6 kutoka ukingoni. Toboa kwa keekee yenye ncha kali na mwendo wa polepole, kisha lainisha kingo za matundu, kwani ufa wa polikaboneti huanzia kwenye tundu lililoachwa na michirizi. Plastiki ya mabango iimarishe kwa kipande cha tepu imara kabla ya kutoboa.

Funga kwa kebo tai (vifungo vya plastiki vinavyojikaza) nyembamba za milimita 2.5. Kifuniko cha kwanza unaweza kukifunga vichwa vya kebo tai vikiwa ndani, kwa kuwa upande wa pili bado uko wazi. Cha pili vichwa vitabaki nje. Kata mikia sambamba na kichwa. Mkia uliokatwa kwa mshazari ni wembe kwa mkono na kwa kifundo cha mguu. Usikaze hadi plastiki ibonyee.

Upande mmoja kata tundu la milimita 40 mkabala na valvu, au zaidi kama kichwa cha pampu yako ni kinene, na ulizibe kwa tepu unayoweza kuibandua. Kwenye ukingo wa kila kifuniko toboa tundu dogo la kutolea maji.

Nafasi zinazosahaulika

Nyuma, weka mnyororo kwenye gia kubwa kuliko zote na uangalie umbali kati ya kibadilisha gia na plastiki. Ukiwa chini ya milimita 3, kitakapoyumba barabarani kitashika kifuniko na kujivuta ndani ya gurudumu. Kwa hiyo upande huo usiweke kamwe plastiki ya mabango. Ili kuipitisha polikaboneti nyuma ya gia, ni salama kuzing'oa gia kwanza.

Kwenye baiskeli fupi ambazo pedali ziko mbele ya gurudumu la mbele, kisigino hupita karibu na gurudumu unapokata kona, na mara nyingi mnyororo au mrija wake pia. Geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili, zungusha pedali kwa mkono, na uangalie. Kwenye ya magurudumu matatu, upande wa ndani wa magurudumu ya mbele umejaa breki na viungo vya usukani, hivyo wengi hufunika upande wa nje tu. Upande huo ekseli haitokezi kwenye fremu yoyote, kwa hiyo kifuniko kinaweza kukosa tundu la katikati kabisa. Usikiache kiguse diski ya breki, kwani hupata moto.

Kuna jambo moja ambalo haliruhusu majaribio. Baiskeli ya magurudumu mawili isifungwe vifuniko kamili gurudumu la mbele kwa matumizi ya barabara za kawaida. Upepo wa ubavuni unasukuma bapa lile na kugeuza usukani, hasa lori linapokupita na upepo kukatika kisha kurudi ghafla. Gurudumu la nyuma halina tabu hiyo. Ya magurudumu matatu haipinduki kirahisi hivyo, lakini usukani utauhisi upepo.

Kujua kama kimefaa

Usitegemee hisia, kwa sababu kifuniko hubadilisha sauti ya baiskeli na mtu huona anakimbia zaidi. Tafuta mteremko mpole, asubuhi isiyo na upepo. Jaza upepo kwenye tairi kwa kipimo kilekile, vaa nguo zilezile, anzia alama ileile bila kukanyaga pedali, na upime mwendo chini ya mteremko au mahali baiskeli inaposimama. Fanya bila vifuniko, navyo, navyo tena, kisha bila, ili upepo ukianza kubadilika ujulikane. Tofauti ikiwa ndogo kuliko ile iliyopo kati ya majaribio mawili yanayofanana, bado hujapima chochote.

Kifuniko huficha spoki iliyokatika na hufunika viakisi mwanga vilivyokuwa juu yake. Bandika tepu ya kuakisi mwanga kwenye uso wa nje. Baada ya kilomita 50 za mwanzo kagua kila kebo tai na kila tundu, na kila unapobadilisha tairi ondoa upande mmoja, ubonyeze spoki mbilimbili kwa vidole kuona kama ipo iliyolegea.