Vidonge vya vimeng'enya havisafishi mishipa ya damu

Wengi bado wanaamini kwamba kumeza vimeng'enya (enzaimu, yaani vichocheo vya mwili vinavyovunjavunja chakula na vitu vingine) huyeyusha mafuta yaliyozidi kwenye damu na kusafisha mishipa. Imani hii ina chembe ya ukweli: mwaka 1943 Paul Hahn aliona damu ya mbwa, iliyokuwa na ukungu wa mafuta baada ya mlo, ikitakata walipodungwa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Baadaye ilijulikana kwamba heparini hubandua kimeng'enya kilichoshikamana na kuta za mishipa, nacho huyavunja mafuta hayo.

Lakini ile ilikuwa sindano. Kimeng'enya ni protini. Kikimezwa humeng'enywa kama nyama, na kinachosalimika hufanya kazi utumboni.

Tena uvimbe wa mishipani, yaani utando unaojijenga kwenye kuta za mishipa na kuiziba, si mafuta matupu. Umefunikwa na nyuzi za kolajeni, protini imara ya mwili, na hizo zikidhoofika, uvimbe waweza kupasuka na damu ikaganda papo hapo. Kuziyeyusha ni hatari, si tiba.