Treni kupitiliza taa nyekundu: tunayoyaamini Mombasa na ukweli wa relini

Mombasa imeishi na reli tangu mwaka 1896, ujenzi ulipoanza hapa pwani kuelekea Ziwa Victoria. Njia ile ilifika Kisumu mwaka 1901. Tangu Mei 31, 2017 tuna ya pili, SGR, ambayo abiria wake hupandia Miritini. Miaka yote hiyo, bado wengi wetu huitazama treni kwa jicho la barabarani: dereva ni dereva, taa ni taa, na akipita nyekundu basi ni mkaidi au amelewa. Ajali ikitokea popote duniani, redio ikasema tu kwamba treni ilipita taa nyekundu, barazani hukumu hutoka kabla kahawa haijapoa.

Hukumu hiyo inanisumbua kwa sababu inafunga mjadala mapema, na maswali yanayookoa maisha hayaulizwi tena. Nimezikusanya hapa dhana ninazozisikia mara kwa mara, kuanzia Changamwe hadi Mwembe Tayari, nizijibu kwa yale yanayojulikana kuhusu kazi ya reli.

"Akiiona nyekundu, si akanyage breki tu?"

Hii ndiyo mama wa dhana zote. Gurudumu la treni ni chuma na reli ni chuma, na chuma juu ya chuma hakishikani kama tairi na lami. Utelezi huo ndio unaowezesha kichwa kimoja au viwili vya treni kuvuta makontena karibu mia moja kutoka bandari ya Kilindini. Gharama yake hulipwa wakati wa kusimama.

Treni ya abiria ya SGR huenda hadi kilomita 120 kwa saa, sawa na mita 33 hivi kwa kila sekunde. Hata breki zikishika vizuri, itahitaji takriban mita 800 kusimama, na breki zikishika taratibu zaidi, kilomita nzima hupita. Hivyo ni viwanja vya mpira vinane hadi kumi vilivyopangwa kichwa kwa kichwa. Tena, kasi ikiwa maradufu umbali wa kusimama huwa mara nne. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi, inapochanganyika na vumbi na mafuta juu ya reli, huzidisha utelezi. Ndiyo maana vichwa vya treni hubeba mchanga wa kumwaga mbele ya magurudumu.

Kwa hiyo taa nyekundu haiachwi peke yake. Kabla yake kuna njano, na dereva anatakiwa aanze kupunguza mwendo pale kwenye njano, wakati nyekundu yenyewe pengine imefichwa na kona au kilima. Treni iliyopitiliza nyekundu mara nyingi ilikuwa imeshakosea kwenye njano. Mchunguzi hodari huanzia huko: njano ilionekana? Ilieleweka? Kulikuwa na nini cha kumvuta macho dereva sekunde zile?

Sisi tuna jambo letu la ziada. Mombasa iko usawa wa bahari, na njia hupanda tangu Mazeras na kuendelea bara. Treni inayokuja kwetu inateremka, na kwenye mteremko uzito wa treni wenyewe unaisukuma mbele. Dereva anayeshuka kuja pwani hana budi kuwaza breki mapema kuliko mwenzake anayepanda.

"Aliyepita nyekundu ni mzembe. Afukuzwe, yaishe."

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo roho za watu zilipo.

Asubuhi ya Oktoba 5, 1999, treni ya abiria ilitoka stesheni ya Paddington jijini London, ikapita taa nyekundu iliyoitwa SN109, na muda mfupi baadaye ikagongana uso kwa uso na treni nyingine ya abiria mahali panapoitwa Ladbroke Grove. Watu 31 walikufa na zaidi ya 400 wakajeruhiwa. Dereva aliyeipita taa alifariki papo hapo. Alikuwa amefuzu wiki mbili tu kabla ya siku hiyo.

Barazani kwetu kesi ingeishia hapo. Lakini uchunguzi ulioongozwa na jaji Lord Cullen ulichimba zaidi. Taa ile ilikuwa miongoni mwa taa nyingi zilizopangwa kwenye mhimili mmoja juu ya njia kadhaa, ikizibwa kiasi na vifaa vya umeme vilivyoning'inia juu ya reli. Jua la asubuhi lilikuwa chini, likitoka nyuma ya dereva na kumulika uso wa taa. Na kubwa kuliko yote: tangu mwaka 1993 taa hiyohiyo ilikuwa imeshapitwa ikiwa nyekundu mara nane, na madereva tofauti. Mara nane! Kila mara kosa lilihesabiwa kuwa la mtu, na taa ikabaki palepale. Mtu akisoma habari hiyo bila kukasirika, sijui atakasirishwa na nini. Ukiwaadhibu watu wanane waliojikwaa kwenye shimo moja bila kulifukia, wa tisa yuko njiani.

Wanaochunguza kazi ya udereva wa treni wanajua mitego ya aina hii. Kuna mazoea: taa fulani hubadilika kuwa kijani kila siku treni inapoikaribia, hadi siku inapobaki nyekundu akili imeshaona kijani chake. Kuna kusoma taa ya njia ya jirani. Kuna kengele ya ndani ya chumba cha dereva, inayolia kwenye njano na kwenye nyekundu kwa sauti ileile, naye hubonyeza kitufe kuonyesha amesikia. Njia ikiwa na treni nyingi hubonyeza mara nyingi mno kwa siku, mkono ukazoea kutangulia kichwa. Na kuna uchovu wa zamu za usiku, ambao mtu yeyote aliyewahi kukesha bandarini anaujua.

Sisemi madereva hawakosei. Septemba 12, 2008, huko Chatsworth, California, dereva wa treni ya abiria alipita nyekundu akiwa katika shughuli ya kutumiana ujumbe wa simu, akagongana na treni ya mizigo kwenye njia moja. Watu 25 walikufa. Uzembe ule haukuwa na utetezi. Hata hivyo Marekani haikuishia kumlaumu marehemu. Mwezi uliofuata ilipitishwa sheria iliyolazimisha mfumo wa kuisimamisha treni yenyewe dereva asipotii taa, na kazi ya kuufunga ilikamilika mwishoni mwa mwaka 2020. Walikubali kwamba mwanadamu atateleza tena, ama kwa simu ama kwa usingizi, na abiria hapaswi kufa kwa sababu hiyo.

Kisha kuna ajali ambazo dereva hana hatia kabisa. Juni 2, 2023, katika wilaya ya Balasore, jimbo la Odisha nchini India, treni ya abiria ilipewa kijani, nayo ikafuata kijani. Lakini pointi, pale reli zinapogawanyika, zilikuwa zimeelekezwa kwenye njia ya pembeni iliyokuwa na treni ya mizigo imesimama. Zaidi ya watu 290 walipoteza maisha. Uchunguzi uliishia kwenye kazi ya nyaya za mfumo wa taa, iliyofanywa vibaya kabla ya siku ile.

Kwa hiyo ninapomsikia mzee ninayemheshimu akisema "dereva auawe," humwomba kwanza tuulize ile taa imepitwa mara ngapi.

"Kila treni iliyopita nyekundu imeponea chupuchupu."

La. Nyingi husimama mita chache tu baada ya kuipita taa. Wajenzi wa reli walilitarajia jambo hili, wakaacha nafasi tupu baada ya taa nyekundu, ambayo treni nyingine hairuhusiwi kuingia. Uingereza kawaida yake ni mita 180. Vilevile kuna kupita nyekundu kwa halali: taa ikiharibika, dereva husimama kwanza, huwasiliana na mtu anayeongoza taa, naye akishahakikisha njia humruhusu apite kwa mwendo wa pole sana. Na mara nyingine taa hugeuka nyekundu ghafla, treni ikiwa imeshafika mbele yake na haina namna ya kusimama.

Hata hivyo, tukio la mita chache nalo ni la kuandikwa na kuchunguzwa. SN109 ilikuwa na matukio manane ya kufundishia kabla ya lile lililoua.

"Taa ikizimika, amri imezimika."

Barabarani taa ikizima, matatu, tuktuk na boda boda hupita kila mmoja kwa ubabe wake. Relini taa iliyozimika huhesabiwa kuwa nyekundu.

Kanuni hiyo ndiyo msingi wa mfumo mzima. Mwaka 1872 Mmarekani William Robinson alibuni saketi ya njia: umeme mdogo hupitishwa kwenye reli zenyewe, na magurudumu ya treni yakikanyaga hapo huukatiza, taa ikawa nyekundu. Uzuri wake ni kwamba waya ukikatika, au betri ikiisha, au mtu akiiba chuma, matokeo ni yaleyale, nyekundu. Mfumo ukikosa uhakika unasimamisha treni. Hivyo basi, kuiba nyaya za reli ni kosa zito hata pale ambapo hakuna ajali inayotokea siku ileile, kwa maana kila taa iliyoharibika inawalazimisha watu kuongoza treni kwa mdomo na kwa karatasi, na hapo ndipo makosa ya kibinadamu hupata upenyo.

"Njia ni moja, itagongana na nani?"

Nimeisikia hii Miritini, kutoka kwa abiria mwenye tiketi mkononi. Ukweli ni kinyume: sehemu kubwa ya SGR kati ya Mombasa na Nairobi ni njia moja, yenye urefu wa takriban kilomita 470, na treni zinazokutana hupishana kwenye stesheni kama Mariakani, Voi au Mtito Andei. Ikiwa njia ni moja, taa ya stesheni ndiyo ukuta pekee kati ya treni inayosubiri na ile inayokuja. Mwaka 1874 huko Thorpe, Uingereza, treni mbili ziliruhusiwa kuingia kipande kimoja cha njia kutoka pande mbili kwa kosa la mawasiliano ya telegrafu, zikagongana. Miaka minne baadaye Edward Tyer alitengeneza mashine ya kutoa kibao cha chuma: bila kibao mkononi dereva haingii, na kibao cha pili hakitoki mpaka cha kwanza kirudishwe mashineni. Mitambo ya leo ni ya kisasa, lakini wazo ni lilelile.

"Hii ni ya kompyuta, haiwezi kukosea."

Mitambo ya kujisimamisha inaokoa watu, na nchi zilizoifunga zimeona faida. Uingereza ilikamilisha mfumo wake wa kufunga breki kwenye taa za hatari mwishoni mwa mwaka 2003. Lakini mtambo huokoa pale tu unapofanya kazi. Septemba 19, 1997, huko Southall, treni iliruhusiwa kukimbia ikiwa kengele yake ya tahadhari imezimwa. Ilipita nyekundu, ikagonga treni ya mizigo, watu saba wakafa. Kifaa kilikuwepo ndani ya treni. Kwa shirika lolote la reli mimi nauliza jambo moja: kifaa cha usalama kikiharibika, ni nani mwenye mamlaka ya kusema treni hii haiondoki?

Na taa haijui kila kitu. Kijani husema kwamba hakuna treni nyingine mbele. Haisemi kama mto umefurika. Usiku wa kuamkia Januari 30, 1993, treni ya kutoka Nairobi kuja Mombasa ilitumbukia kwenye Mto Ngai Ndethya baada ya mafuriko kulivunja daraja, na zaidi ya watu 100 wakafa. Nyumba kadhaa za Mombasa zinaijua tarehe hiyo bila kuangalia kalenda. Wala haisaidii breki zikishindwa: Juni 24, 2002, huko Igandu, Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma mteremkoni ikagonga ya mizigo, watu 281 wakafariki.

"Dereva ataniona, atasimama."

Hii inatuhusu sisi tunaovuka reli ya zamani kwa miguu, kwa tuktuk na kwa boda boda. Rudi kwenye zile mita 800. Dereva anaweza kukuona vizuri, akapiga honi, akafunga breki zote, na bado akufikie. Hana usukani wa kukukwepa. Usitegemee masikio pia, maana treni inayokuja kwa kasi hutanguliza sauti kidogo kuliko unavyodhani, na mwenye spika za masikioni hasikii kitu. Treni inavyoonekana kwa mbali huwa kama inatambaa, kwa sababu ya ukubwa wake, kumbe imeshafika.

Chombo kikizimika juu ya reli, usijaribu kukiwasha mara ya tatu. Shusha abiria wote, ondokeni relini, kisha kimbieni upande treni inakotokea huku mkijitenga na njia, kwa sababu vipande vya chombo kitakachogongwa hurushwa kule treni inakoelekea. Mkishafika mbali, ndipo mpige simu stesheni au polisi.