Kukoroma si shida sana, shida ni kile kimya

Mwezi wa tatu hapa Kisumu mama mmoja alinipea simu yake akaniambia, "Daktari, sikiza hii kwanza." Alikuwa amemrekodi mzee wake usiku. Mzee anakoroma, anakoroma, halafu kimya. Nikahesabu sekunde 28, ndio akashtuka akavuta pumzi kama mtu ametolewa kwa maji. Ni dereva wa lori, anameza dawa tatu za presha na presha haishuki.

Kile kimya ni koo limejifunga; ugonjwa huu unaitwa sleep apnea, yaani pumzi kukatika usingizini. Oksijeni inashuka, ubongo unamgutusha, adrenalini inamwagika, mishipa inakaza, presha inaruka, halafu analala tena na inaanza upya, na ikifika mara 30 kwa saa tunaita kali. Usiku ndio mishipa inafaa kupumzika, sasa yake inapumzika saa ngapi? Ule utando mwembamba wa ndani ya mshipa hutoa naitriki oksaidi inayoulegeza, na oksijeni ikipanda na kushuka hivyo kila usiku utando unaitoa kidogo. Huwa tunapima hivi: unafunga mkono kwa mkanda wa presha dakika 5, unaachilia, unaangalia na ultrasaundi mshipa umepanuka kiasi gani. Ulioumia haupanuki sana.

Mashine ya CPAP, ile Colin Sullivan alianzisha kule Sydney, ikatangazwa 1981, inasukuma hewa kwa maski ili koo lisifunge. Uswisi, 2011, watu walioizoea waliachishwa wiki mbili tu, presha ya asubuhi ikapanda na mishipa ikaanza kukataa kupanuka. Lakini lazima niseme ukweli wote: utafiti mkubwa wa SAVE, 2016, wenye watu zaidi ya 2,700, haukuonyesha kwamba CPAP inazuia stroku ama mshtuko wa moyo. Walikuwa wanaivaa kama saa 3 na kitu kwa usiku, na mimi naamini hapo ndipo kuna neno.

Kwa sababu koo hufunga vibaya zaidi wakati wa ndoto, na ndoto nyingi ni za kuelekea alfajiri. Mzee wetu naye alikuwa anavaa mashine yake saa nne usiku, saa saba ameshaitoa, eti inamvuma kwa macho. Yaani analinda mishipa kwa masaa yenye nafuu, yale mabaya anayaacha wazi! Tukaangalia, kumbe maski ilikuwa kubwa, hewa inatorokea juu ya pua. Tukambadilishia ndogo. Jana mama amenipigia, amesema mzee ameamka saa kumi na mbili bado ameivaa, na mama mwenyewe amelala mpaka asubuhi.