Fizi zikitoka damu, mswaki usitupwe

Mjini Moshi nimesikia ndugu wa wagonjwa wa saratani ya damu wanaotibiwa kwa kemo, yaani dawa za kuua saratani, wakisema: "Mama yuko kwenye kemo, fizi zinavuja damu, tumemwachisha mswaki mpaka amalize dozi." Nia ni njema, lakini hapo ndipo hatari inapoingia.

Kemo haichagui. Inaua chembe za saratani, na pia chembe zinazojizalisha haraka, zikiwemo za ngozi laini ya ndani ya mdomo. Ngozi hiyo huchubuka, ikawa vidonda. Wakati huohuo chembe nyeupe za damu hushuka, mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Bakteria waliokuwa wakiishi kwenye ukoga bila kumdhuru mtu sasa wanapata mlango wa kuingia kwenye damu, na mlinzi hayupo. Mdomo usiosafishwa unawaongeza.

Basi mswaki ubaki, ila uwe laini kabisa, uloweke kwanza kwenye maji ya moto. Asukutue mara kadhaa kwa siku: robo kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha maji vuguvugu. Pilipili aache, mtori uliopoa unapita vizuri. Damu isipokoma, au chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikiwa chini sana, daktari anaweza kuagiza pamba au shashi badala ya mswaki kwa muda.

Jino bovu lishughulikiwe kabla kemo haijaanza. Na joto la mwili likifika nyuzi 38, hata saa nane usiku, mpelekeni hospitali. Msimpe panadol mkasubiri kukuche.